Krosova ya Familia: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuikagua na Kuitunza

Malalamiko ninayoletewa kuhusu krosova za ukubwa wa kati ni yale yale. Mtu amenunua gari la viti saba, wiki ya pili anagundua kwamba kiti cha mtoto kikishafungwa hakuna anayeweza kupita kwenda safu ya tatu. Mwingine gia zimeanza kuteleza miezi minne baada ya kulipa. Wa tatu anashangaa gari lake linapanda mlima kwa kuhema mara tu ndugu wote wakiingia na mizigo yao.

Mzizi wa yote matatu ni mmoja. Gari lilichaguliwa likiwa tupu, na mtu mmoja, kwa kulitazama. Familia ililijua lilipofika nyumbani. Hatua zifuatazo zinakutaka uanze na familia, kisha uende kwenye gari.

Ninaposema krosova ya ukubwa wa kati nina maana ya gari ambalo bodi yake ndiyo chasisi yake, lenye urefu wa takriban mita 4.7 hadi 5, na safu mbili au tatu za viti. Toyota Highlander (inayoitwa Kluger katika baadhi ya masoko), Honda Pilot, Mazda CX-9 na Hyundai Santa Fe zimo humo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya kupimia uzito wa mtu
- Futi kamba
- Viti vya watoto mnavyotumia sasa, vyenyewe hasa
- Tochi yenye mwanga mkali
- Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini
- Kipimo cha upepo wa tairi na kipimo cha kina cha kashata (mikato ya uso wa tairi)
- Skana ndogo ya kuchomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani
- Daftari
- Familia yote, siku ya kulijaribu gari
- Fundi unayemlipa wewe, asiye na uhusiano na muuzaji

Kama huna skana, azima. Ndicho kifaa ambacho watu hukiruka na baadaye hujutia.

## Hatua ya 1: Pima watu na mizigo

Kabla hujatazama tangazo lolote, kila mtu nyumbani apande kwenye mizani. Pima pia mizigo ya safari yenu ya kawaida: mabegi, kigari cha mtoto, viti vya watoto, dumu la maji. Andika jumla.

Sababu ni hii: idadi ya viti haikuambii gari linabeba kilo ngapi. Krosova nyingi za safu tatu hubeba kati ya kilo 500 na 700, watu na mizigo pamoja. Watu wazima saba wa kilo 75 kila mmoja wanafika kilo 525. Kila mmoja akibeba begi la kilo 15 mmeshafika 630. Gari lenye uwezo wa kilo 600 limezidiwa kabla hata ya kuweka kitu juu ya paa.

Sasa tafuta uwezo wa gari unalolifikiria. Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana kibandiko kinachotaja moja kwa moja uzito wa juu wa watu na mizigo. Mengine yana kibati, hapo au chini ya boneti, kinachotaja uzito wa juu wa gari lote. Toa humo uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye karatasi zake. Gari linaloruhusiwa kilo 2,600 likiwa na uzito wa kilo 1,950 tupu linabakiwa na kilo 650.

Tahadhari: vipimo vya Ulaya huhesabu dereva wa kilo 75 ndani ya uzito wa gari tupu. Ukimhesabu tena kwa upande wa familia utakuwa umempima mara mbili.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili kwenye daftari, ya familia na ya gari, na ya gari imezidi kwa angalau kilo 80. Nafasi hiyo ni ya mgeni na ya watoto wanaokua.

## Hatua ya 2: Funga viti vya watoto kabla ya kuongea bei

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nenda taratibu.

Mketishe kwanza dereva wa kila siku, arekebishe kiti chake anavyoendesha kwa kweli. Ndipo ufunge kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, nyuma ya dereva huyo. Kiti cha aina hii kinakula nafasi kuliko kingine chochote. Kama dereva analazimika kusogea mpaka magoti yaguse dashibodi, gari hilo halikufai, hata liwe na upana wa kuvutia kiasi gani.

Tafuta vishikizo vya ISOFIX (vyuma vya kunasia kiti cha mtoto) kati ya mgongo na makalio ya kiti. Kwa kawaida utavipata kwenye viti viwili vya pembeni vya safu ya pili. Katikati na safu ya tatu mara nyingi havipo. Vikiwepo, fahamu kuwa vina kikomo cha uzito wa mtoto pamoja na kiti chake, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha kiti.

Kama kiti cha mtoto kina mguu wa kuegemea sakafuni, chunguza sakafu. Baadhi ya krosova zina kisanduku cha kuhifadhia vitu chini ya zulia, na mguu haupaswi kusimama juu ya mfuniko wake mpaka kitabu cha gari kiseme inaruhusiwa.

Viti vikiwa vimefungwa, mwambie mtoto mkubwa aende safu ya tatu. Katika magari mengi kiti cha safu ya pili hakilali mbele kikiwa na kiti cha mtoto juu yake, na njia inaziba. Suluhisho ni mbili: gari lenye viti viwili vilivyoachana safu ya pili, ambapo mtu hupita katikati, au kuacha upande mmoja bila kiti cha mtoto. Familia yenye watoto watatu wadogo inahitaji kujua jambo hili kabla, maana viti vitatu vya watoto sambamba huenea katika magari machache sana.

Kaa safu ya tatu wewe mwenyewe, dakika kumi. Angalia mambo haya:

- Je, kuna matundu ya kiyoyozi huko nyuma?
- Kizuizi cha kichwa kinafika usawa wa masikio ya atakayekaa hapo?
- Mifuko ya hewa ya pembeni inafika mpaka safu ya tatu? Kitabu cha gari kinaeleza.
- Kuna umbali gani kati ya kichwa na kioo cha nyuma?

Kisha, viti vyote vikiwa wima, fungua buti na uingize kigari cha mtoto. Kikikataa, mtakuwa na gari la viti saba ambalo kila safari litageuka la viti vitano.

Onyo lisilo na mjadala: kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifumuka humpiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti chake.

## Hatua ya 3: Chagua injini na gia kwa mzigo wenu

Injini ya silinda nne ya lita 2.4 au 2.5 isiyo na turbo inatosha familia ya watu wanne kwenye barabara tambarare. Ikibeba saba kupanda mlima itafanya kazi kwa shida. Kwa mzigo wa mara kwa mara ningechagua V6 (silinda sita), haibridi (injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme) au turbo, nikijua kwamba turbo haisamehi kuchelewa kubadilisha oili.

Uliza kama injini inatumia mkanda wa taimingi au cheni. Kluger na Highlander za kwanza zenye V6 za 1MZ-FE na 3MZ-FE zinatumia mkanda. 2GR-FE ya lita 3.5 iliyofuata inatumia cheni. Honda Pilot ya vizazi vitatu vya mwanzo inatumia mkanda. Mkanda si kasoro, ila una umri wake, na katika injini nyingi ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna karatasi inayoonyesha lini ulibadilishwa, hesabu gharama ya mkanda mpya, pampu ya maji na viegemezi vyake ndani ya bei ya gari.

Gia za CVT (otomatiki zisizo na hatua za kubadilisha) ni laini na hazili mafuta mengi. Hazipendi joto, wala oili isiyo yake. Gari la CVT lisilo na kumbukumbu za kubadilishwa oili ya gia ni kamari, na mimi binafsi huliacha hata likiwa safi.

Jina moja linaweza kubeba magari mawili tofauti kabisa. Kia Sorento ya kizazi cha kwanza ina chasisi kama ya lori dogo. Zilizofuata ni krosova. Nissan Pathfinder iligeuka krosova na kupewa CVT kuanzia modeli ya 2013, kisha modeli ya 2022 ikaja na gia 9 za kawaida. Ushauri wa jirani mwenye Pathfinder ya zamani hauwezi kukusaidia kwenye hiyo mpya.

Je, mnahitaji gari linalovuta magurudumu yote manne? Kama njia yenu ina matope, theluji au mchanga, ndiyo. La sivyo mtalipa zaidi, mtabeba kilo za ziada, na mtakuwa na oili mbili zaidi za kubadilisha. Mfumo wa krosova ni wa kukunasua kwenye utelezi wa muda mfupi. Ukiukaza mchangani kwa muda mrefu, kiunganishi cha nyuma, kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hupata joto na kujizima.

## Hatua ya 4: Ukaguzi gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, panga siku nyingine. Niliwahi kukagua gari lililokuwa limeunguruma nusu saa kabla yangu; lilitulia kama maji mtungini. Kesho yake asubuhi lilitoa moshi wa bluu. Tangu hapo sikagui injini ya moto.

Chini ya boneti: fungua kifuniko cha oili. Utando mzito wa rangi ya maziwa unaweza kuwa mvuke wa safari fupi, lakini ukiambatana na maji ya rejeta yaliyopungua au yenye mafuta juu yake, gasketi ya silinda inashukiwa. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu.

Bodi: kwa kuwa bodi ndiyo chasisi, ajali iliyoungwa vibaya haiondoki. Linganisha mianya ya milango kulia na kushoto. Pitisha sumaku kwenye pembe na matao ya magurudumu. Isiposhika, huenda pana putty (udongo wa kuzibia bati lililobonyea). Jihadhari tu, maana boneti na milango ya nyuma ya baadhi ya magari ni ya alumini au plastiki na sumaku haishiki hata kama hayajaguswa. Inua zulia la buti, utoe tairi la akiba, umulike. Bati lililokunjamana au lenye kulehemu tofauti na upande wa pili linaonyesha kwamba gari liligongwa nyuma.

Maji: vuta kila mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Mstari wa tope au ukungu kwenye sehemu isiyotoka kila siku ni dalili ya gari lililozama. Angalia pia lebo zilizo chini ya mikanda. Tarehe zake zinatakiwa zikaribiane na umri wa gari.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10 linatolewa hata kama kashata zimejaa. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya aina moja na kina kinachokaribiana, kwani tofauti ya mzunguko hulazimisha kiunganishi kifanye kazi bila kupumzika.

Sasa washa. Sikiliza sekunde za mwanzo: kelele ya cheni isiyoisha haraka ni onyo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito unaoendelea injini ikishapata moto ni maji ya rejeta.

Chomeka skana. Zaidi ya hitilafu, tazama ukurasa unaoonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, mtu amefuta kumbukumbu au amechomoa betri karibuni. Muulize kwa nini.

## Hatua ya 5: Lijaribu likiwa limejaa

Pandeni wote. Dakika 40, kasi tofauti, mlima mmoja, matuta.

Kutoka P kwenda D lisigonge. Kwenye CVT, sikiliza mtetemo kati ya kilomita 20 na 50 kwa saa, na mlio unaopanda bila kasi kupanda. Fanya hivyo mwanzoni na tena mwishoni, kwa sababu gia mbovu nyingi huficha ugonjwa mpaka zipate joto.

Tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole pande zote mbili. Mlio wa tik-tik ni jointi za ekseli za mbele. Gari likivutavuta kana kwamba breki imeshikiliwa, shida iko kwenye mfumo wa magurudumu manne au matairi yasiyolingana. Kugonga kwenye matuta kunaelekeza kwenye busha, boljointi au shokapu. Hizo hutengenezeka, zitumie kwenye majadiliano ya bei.

Mkirudi, soma skana mara ya pili. Hitilafu zilizofutwa asubuhi hupenda kurudi baada ya safari.

Umefanikiwa kama hakuna taa iliyowaka, joto la injini halikupanda mlimani, na waliokaa nyuma kabisa hawakulalamika.

## Hatua ya 6: Namba ya chasisi na wito wa kiwanda

Linganisha namba iliyo kwenye bodi na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Magari ya masoko mengi yana namba ya tarakimu na herufi 17. Yaliyouzwa ndani ya Japani hutumia namba fupi ya fremu, kwa hiyo ufupi wake pekee usikutishe.

Kisha iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unatafuta marekebisho ambayo kiwanda kimeagiza bila malipo. Mifuko ya hewa ya Takata ndiyo kubwa zaidi: mamilioni kwa mamilioni ya magari ya chapa nyingi yaliitwa yarudishwe kutengenezwa kwa sababu kifaa cha kujaza mfuko, kikikaa miaka kwenye joto na unyevu, kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Mwaka 2017 Hyundai na Kia waliita, nchini Marekani, magari yakiwemo Santa Fe Sport na Sorento kwa ajili ya beringi za injini za Theta II. Gari lililoitwa na kutengenezwa halina tatizo. Lililoitwa likapuuzwa usilichukue mpaka litengenezwe.

## Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza

Usiamini stika ya huduma uliyoikuta. Badilisha oili na filta yake, filta ya hewa, filta ya kiyoyozi na mafuta ya breki, na uandike kilomita kwenye daftari. Oili ya gia ichunguzwe na fundi anayeifahamu gia hiyo, kwani nyingi hazina kijiti cha kupimia na kiwango chake husomwa kwenye joto maalumu.

## Hatua ya 8: Ratiba ya utunzaji

Oili ya injini. Watengenezaji wengi hutaja kilomita 10,000 au miezi 12. Safari fupi za shule, vumbi, foleni na mizigo mizito huhesabiwa kuwa matumizi magumu, na hayo ndiyo maisha ya gari la familia. Mimi ningeenda na nusu yake.

Oili ya gia. Fuata jina lililoandikwa kwenye kitabu: NS-3 kwa CVT nyingi za Nissan za karibuni, HCF-2 kwa CVT za karibuni za Honda, WS kwa gia za kawaida za Toyota. Oili ya gia za kawaida ikimiminwa kwenye CVT huiua. Hata pale kiwanda kinaposema oili ni ya maisha yote, kilomita 60,000 ni umbali wa busara kuibadilisha.

Oili za difu ya nyuma na kigawanyo cha magurudumu manne. Ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Uliza kwa jina kila unapokwenda kwa fundi.

Mafuta ya breki. Kila miaka 2. Hunyonya unyevu wa hewani, na kwenye mteremko mrefu huchemka.

Matairi. Upepo upimwe kila mwezi asubuhi, kwa namba za kibandiko cha mlangoni. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe. Yazungushwe kila kilomita 10,000. Kina kikifika milimita 1.6 muda wake umeisha. Kwenye mvua nyingi yatoe mapema zaidi.

Haibridi. Katika haibridi nyingi za Toyota tundu la hewa ya kupoza betri liko karibu na kiti cha nyuma. Watoto hulifunika kwa nguo na makombo ya biskuti. Lisafishe, na kichujio chake kiwe kwenye ratiba.

## Hatua ya 9: Kupakia na kuwalinda walio ndani

Mizigo mizito iwe chini kabisa, imegusa mgongo wa kiti cha mwisho. Kisirundikwe kitu juu ya usawa wa viti bila wavu, kwani breki ya ghafla hukitupa kwenye vichwa vya watoto.

Paa la krosova nyingi linabeba kilo 75 hadi 100 pamoja na uzito wa fremu ya kubebea, na kilo hizo hutolewa kwenye uwezo ule wa Hatua ya 1. Mzigo wa juu pia hulifanya gari liyumbe zaidi kwenye kona, kwa hiyo punguza kasi. Kabla ya safari, ongeza upepo kufuata namba za gari lililojaa kama kibandiko kinazitaja.

Kabla ya kurudi nyuma, hesabu watoto. Kamera haioni pembeni mwa gari refu namna hii. Usimwache mtoto ndani hata kwa dakika chache, maana joto la ndani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Kila baada ya miezi sita, wapime tena watoto kwa uzito na kimo. Mtoto yuko tayari kuacha kiti cha kuinulia pale mgongo wake unapogusa kiti huku magoti yakikunjika ukingoni, mkanda unapopita katikati ya bega bila kugusa shingo, na sehemu ya chini inapolala juu ya mifupa ya nyonga badala ya tumbo. Kwa wengi hiyo ni kati ya sentimita 135 na 150. Mjaribu safu ya pili, halafu safu ya tatu, kwa sababu mkanda wa safu ya tatu hushuka kwa pembe nyingine, na mtoto aliyefaulu kiti kimoja anaweza kushindwa kingine.